DAR ES SALAAM, MLANGO WA SHABA YETU

Hotuba kwa wafanyakazi wa migodi na wakaaji wa Likasi na Shinkolobwe



Leo nataka tuzungumze habari za mji ambao wengi wetu hatujauona kwa macho, lakini jasho letu hufika huko kila siku. Mji huo ni Dar es Salaam, katika nchi ya Tanzania, ukingoni mwa Bahari ya Hindi. Yale malori makubwa mnayoyaona yakielekea Lubumbashi, yaliyofungwa turubai, yenye shaba na kobalti ndani, mengi yake safari yao huishia huko. Huko ndiko mzigo hushushwa lorini na kupandishwa melini.

Labda mtu atauliza: sisi ni watu wa bara, tuna nini na bahari? Swali ni zuri, na jibu lake ni hili. Mkulima asiyejua njia ya soko huuza mahindi yake barazani kwake, kwa bei anayoipanga mnunuzi. Mchimbaji naye ni vilevile. Asiyejua madini yake yanapita wapi, yanapokewa na nani, na yanageuzwa kuwa nini, huyo elimu yake huishia kwenye mizani ya depo. Mwenye mizani akisema ni kilo mia, ni mia. Akisema jiwe ni hafifu, ni hafifu.

Tena sisi wa hapa tuna sababu ya kuuliza kuliko watu wengine wote.

MAWE YALIYOONDOKA KIMYA

Mwaka 1915 mawe ya Shinkolobwe yalitambuliwa na wazungu. Kwanza walichotaka ni radiamu, dawa ya thamani kubwa wakati ule, nao wakaanza kuitengeneza kwao Ubelgiji, katika mji wa Olen, mwaka 1922. Urani yenyewe wakati ule haikuwa na wateja wengi. Halafu vita vikaja. Mwaka 1940 Bwana Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, aliamuru madini ya hapa, tani zipatazo 1,200, yapelekwe Marekani. Yakapelekwa pwani ya Atlantiki, yakapandishwa meli, yakawekwa ghalani katika kisiwa cha Staten Island, New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu likaanguka juu ya mji wa Hiroshima. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ya kutengeneza mabomu yale ilitoka hapa.

Je, aliyeinama shimoni na kuyatoa mawe yale aliambiwa yanakwenda wapi? Hakuambiwa. Alipewa posho yake, akapewa mshahara wake, na mdomo wa mgodi ukawekewa askari. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Baadaye watu wakarudi na sururu kutafuta kobalti, na mwaka 2004, baada ya amri ya serikali ya kuukataza uchimbaji, mashimo yakaporomoka na watu wakafa. Kijiji nacho kikabomolewa.

Basi, wandugu, jambo la kutojua njia ya mali yetu si jambo dogo. Lilianza zamani, na lisipokatwa litaendelea hadi kwa wajukuu. Ndiyo maana leo tunaufungua mlango huu wa mashariki tuutazame.

MJI ULIVYOKAA

Likasi yetu iko juu, zaidi ya mita 1,200 kupita usawa wa bahari. Ndiyo sababu mwezi wa Juni na Julai tunajifunika blanketi mbili. Toka hapa, shuka Lubumbashi, vuka mpaka Kasumbalesa, pita miji ya migodi ya Zambia hata Kapiri Mposhi, kisha geuka mashariki hadi Nakonde na Tunduma. Hapo umeingia Tanzania. Utapita Mbeya, Iringa na Morogoro, ukiteremka kidogo kidogo, na hewa ikizidi kuwa nzito na yenye joto, hata utakapoona minazi. Safari yote ni zaidi ya kilomita 2,000.

Dar es Salaam imekaa palipo na neema ya maumbile. Bahari imeingia nchi kavu kwa mlango mwembamba, kisha ikafunguka ndani kama mfuko. Meli ikishapita ule mlango, mawimbi ya nje hayaipati. Nje huko pepo mbili hupokezana mwaka mzima: kaskazi huvuma toka Disemba hata karibu na Machi, kisha kusi hushika zamu. Kwa pepo hizo majahazi yalikwenda na kurudi Uarabuni na Bara Hindi kwa mamia ya miaka, kabla ya meli za moshi. Mvua za masika huanza Machi hata Mei, na vuli hunyesha mwisho wa mwaka. Kisiwa cha Unguja kiko ng'ambo tu ya maji.

Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta huko watu 5,383,728. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541. Yaani katika miaka kumi wameongezeka watu milioni moja. Mji umegawanyika katika manispaa: Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na Ilala ambayo mwaka 2021 ilipewa cheo cha jiji. Serikali ya nchi imehamia Dodoma, lakini fedha na meli hazikuhama.

NJIA NI YA ZAMANI

Msidhani kwamba shaba ya Katanga ilianza kwenda pwani siku kompani zilipofika. Wahenga wetu waliyeyusha shaba kwa tanuri za udongo, wakaitengeneza misalaba, na misalaba hiyo ilitumika kama fedha katika nchi nyingi. Msiri mwenyewe, aliyetawala Bunkeya, asili yake ilikuwa Unyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Watu wake walifuata shaba na pembe, na misafara yao iligusa pwani zote mbili, ya mashariki na ya Angola, hadi alipouawa mwezi wa Disemba 1891. Lakini tuseme kweli yote: njia hiyo ilipitisha pia watumwa. Barabara haina dhambi; dhambi ni ya anayeitumia.

Na Wachina nao si wageni wa jana katika pwani ile. Kunduchi, ambayo leo ni sehemu ya manispaa ya Kinondoni, kuna makaburi ya kale ya Waswahili yenye nguzo za mawe, na katika nguzo zilipachikwa sahani na bakuli kutoka ng'ambo, nyingine za kaure ya China.

Mji wenyewe ni kijana. Palikuwa na kijiji cha wavuvi kiitwacho Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga pale, akapaita Dar es Salaam. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia hapo makao ya utawala wao kutoka Bagamoyo. Mwaka 1905 wakaanza reli, na mwaka 1914 ikafika Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Kalemie yetu. Vita vya kwanza vikawaondoa, Waingereza wakaingia.

Hapo sikilizeni vizuri. Mwaka 1921 Wabelji walipatana na Waingereza wapewe mahali pao wenyewe katika bandari ya Dar es Salaam na ya Kigoma, ili mali ya Kongo ipite bila kizuizi. Kodi yake ilikuwa franka moja kwa mwaka. Franka moja! Mahali hapo pakaitwa Belbase. Wabelji walijua vema kwamba mwenye mgodi asiye na mlango wa bahari ni kama mwenye ng'ombe asiye na kata ya kukamulia.

RELI YA TAZARA

Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia utawala wao, na Zambia ikaona njia yake ya kusini inabanwa. Zambia na Tanzania zikaomba msaada wa kujenga reli hadi Dar es Salaam. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikataa, zikisema reli hiyo haitalipa. China, ambayo wakati ule nayo ilikuwa maskini, ikakubali. Mkataba ulitiwa sahihi Beijing mwaka 1967. Kazi ikaanza 1970, njia ikafika mwisho 1975, na mwaka 1976 ikakabidhiwa. Urefu wake ni kilomita 1,860, kupitia milima, mabonde na mahandaki. Fedha zilikuwa mkopo usio na riba. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na wengi wamezikwa Dar es Salaam, Gongo la Mboto. Watanzania na Wazambia nao walikufa.

Upana wa reli hiyo ni milimita 1,067, sawa na reli inayopita hapa Likasi. Kwa chuma, basi, mlango wa Dar es Salaam na mlango wa nyumba yetu vimeunganika. Lakini reli bila vichwa vya treni, bila mataluma mazuri na bila fundi ni pambo tu. Kwa miaka mingi TAZARA ilidhoofika, na shaba ikahamia juu ya malori. Mwezi wa Septemba 2024, Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia hati ya kuifufua ikitiwa sahihi. Sisi tutahesabu mabehewa, hatutahesabu hotuba.

KAZI NA MKATE WA MJI

Mji ule unakula kwa bandari. Zambia na Kongo ndizo wateja wakubwa wa mizigo inayopita kwenda nchi za ndani. Shaba yetu hutoka, na mafuta, ngano, magari, mitambo na dawa za kuchenjulia madini huingia. Kila tani inayopita humlisha mtu: dereva, kuli, mwendesha winchi, karani wa forodha, mlinzi wa ghala, mama wa kuuza wali na maharage nje ya geti. Zamani wakajenga na viwanda, kama kile cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1960.

Tangu 2017 bandari ilichimbwa iongezwe kina, na kompani ya China Harbour ndiyo iliyopewa kazi. Mwezi wa Oktoba 2023 serikali ya Tanzania ilitia sahihi mkataba wa kuipa DP World ya Dubai sehemu ya gati iziendeshe. Jambo hilo lilileta mabishano makubwa. Wengine walisema meli zitahudumiwa upesi, wengine wakauliza kwa nini ufunguo wa nyumba apewe mgeni. Sisi si wasemaji wa Watanzania. Lakini jambo moja twaweza kujifunza kwao: walibishana mbele ya watu. Mkataba ulijulikana, ukasomwa, ukapingwa, ukatetewa. Mikataba ya migodi yetu, ni mingapi ambayo mchimbaji aliisikia kabla haijatiwa sahihi?

Tusidanganyane pia kwamba pwani ni peponi. Mto Msimbazi ulipofurika, watu wa Jangwani walitolewa nyumbani kwao na maji. Tandale na Manzese nyumba zimebanana. Wafanyakazi wa bandari hawakupewa haki yao kwa kukaa kimya: mwaka 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea hadi miji mingine kando ya reli. Kumbukeni kwamba tarehe 9 Disemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi uwanjani Elisabethville. Kuli wa pwani na mchimbaji wa Katanga wanabeba mzigo uleule. Mmoja anautoa chini, mwingine anaupandisha melini.

LUGHA, MPIRA NA GITAA

Mtu wa Likasi akishuka Dar es Salaam hatahitaji mkalimani. Watamcheka kidogo kwa Kiswahili chake cha Katanga, naye atawacheka kwa haraka yao ya kusema, kisha watakula pamoja. Atakula wali wa nazi na samaki wa soko la Feri. Ataona kanga zenye maneno, atasikia taarabu arusini na ngoma za Wazaramo, wenyeji wa nchi ile. Atapita Kariakoo, soko kubwa, ambalo jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya kwanza. Hapo napo Afrika ilibebeshwa mzigo wa wenyewe. Jumapili ataambiwa achague: Yanga, iliyoanzishwa 1935, au Simba, iliyoanzishwa 1936. Asijibu upesi.

Tena atakuta nyumba yake huko. Jean Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya, alirekodiwa hapa Likasi, wakati ikiitwa Jadotville, na gitaa lake likafundisha vijana wa Afrika Mashariki yote jinsi vidole viwili vinavyoweza kusema kama watu watatu. Baadaye wanamuziki wa Kongo walihamia Dar es Salaam: Orchestra Maquis, na Remmy Ongala aliyezaliwa Kindu, ambaye wakaaji wa mji ule walimpenda kama mtoto wao hata alipofariki 2010. Tangu 2022 Kongo imo pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini gitaa lilivuka mpaka zamani kabla ya mkataba.

MELI INAKWENDA WAPI

Sasa mzigo umeingia melini. Nyingi ya meli hizo huelekea China, katika miji ya pwani kama Shanghai na Ningbo. Ningbo pamoja na Zhoushan ina bandari ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya kwanza duniani kwa uzito wa mizigo. Kobalti kutoka Kongo ni zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa mno husafishwa China. Huko hugeuka betri ya simu na ya gari. Kisha simu hupanda meli, hurudi Dar es Salaam, hupanda lori, hufika hapa, na mchimbaji huinunua kwa mshahara wa siku nyingi.

Tazameni basi, wandugu, watu watatu. Wa kwanza anachimba, naye ni sisi. Wa pili anapitisha, naye ni Dar es Salaam. Wa tatu anatengeneza, naye ni yule wa pwani ya China. Jiwe ni lilelile, lakini kila mkono unaolipokea huongeza bei, na anayepata zaidi ni wa mwisho. Wachina hawakuzaliwa wakitengeneza. Waliojenga TAZARA walikuwa watu wa nchi maskini. Walisoma ufundi, wakajenga viwanda kando ya bandari zao, wakakataa kuwa wachimbaji na wapitishaji tu.

Wala sisi si wageni wa kazi hiyo. Hapa Likasi, Shituru, shaba ilisafishwa kwa umeme tangu 1929. Baba zetu walikuwa mafundi wa tanuri, wa umeme, wa tindikali. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 470,000 za shaba, na katikati ya miaka ya 1990 haikufika hata 50,000. Ufundi haukuondoka kwa sababu mikono ilipungua akili. Uliondoka kwa sababu mitambo haikutunzwa na fedha haikurudi kazini.

Nini cha kufanya? Nasema mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wa watu waliokaa hapa.

La kwanza, mchimbaji asiuze gunia bila kujua uzito na kiasi cha madini ndani yake. Wachimbaji wa mahali pamoja wakijiunga, wanaweza kuwa na mizani yao na kulipia kipimo chao. Mizani ya mnunuzi peke yake si shahidi.

La pili, bei ya shaba na kobalti hutangazwa duniani kila siku ya kazi. Ibandikwe ubaoni, kwa Kiswahili, sokoni na kwenye kanisa na msikiti, kama tunavyobandika matangazo ya mazishi.

La tatu, watoto wasifundishwe kushika sururu tu. Wasome ufundi wa reli, wa umeme, wa kupima madini, na hesabu za forodha. Kijana wa Likasi anayejua kusoma karatasi ya mzigo bandarini anatulinda kuliko askari kumi mlangoni mwa mgodi.

La nne, kila mkataba wa mgodi, wa reli au wa barabara usomwe mbele ya wakaaji kwa lugha wanayoisikia. Kama jambo ni jema, halitaharibika kwa kusomwa.

Wandugu, mwaka 1940 mawe ya Shinkolobwe yalivuka bahari, na hakuna mchimbaji aliyejua jina la mji yalikoshukia. Leo tumeujua mji wa kupakilia, tumeijua njia, tumeijua na miji ya kupokea. Kujua si kushiba, lakini asiyejua hata kuomba haki yake hawezi, maana hajui aombe kwa nani. Lori litakalopita kesho asubuhi, mtoto akikuuliza linakwenda wapi, usimjibu "linakwenda kwa wazungu" au "kwa Wachina". Mweleze njia yote, mji kwa mji, hata majini. Kisha mwambie na kilichomo ndani, kina uzito gani, na ni bei gani siku hiyo.